Leso ya Chokaa

Kila Ijumaa mnakuja, mnakaa kwenye mkeka wangu, mnakunywa chai yangu, na kabla kikombe hakijapoa mmoja wenu lazima aulize: Mwanaidi, siku tatu zile ulizokwenda ng'ambo ya feri uliona nini, na mbona ulirudi na uso ule? Nimewajibu juu juu mpaka nimechoka. Sasa naandika, kwa herufi zile zile za Kiarabu tulizofunzwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ili atakaye kusoma asome, na atakaye kunicheka anichekee kwao. Mambo ya ruhusa na ya nani aliniazima buibui sitayagusa. Naanzia njiani.

Timbwani mpaka feri

Asiyenijua aambiwe kwanza kwamba mimi ndiye mwenye Nyumba ya Vigae. Wakati wa vita, manowari zilipojaa bandarini, bahari ilikuwa ikitupa vipande vya sahani kwenye ufuo wa Mtongwe kila maji yakipwa. Vilikuwa vyeupe, vya buluu, vya maua, vingine vina ukingo wa dhahabu. Wenzangu walivipita wakitafuta chaza. Mimi niliviokota, nikavipachika ukutani chokaa ikiwa mbichi, kikapu baada ya kikapu, hata ukuta wote wa mbele ukajaa pasibaki pa kuweka kidole. Watu walikuja kuutazama kutoka Mtongwe na Ng'ombeni, hata kutoka kisiwani. Siku ya Idi njia ya kwetu ilikuwa haipitiki.

Kisha wakaanza kupungua. Na wale waliokuja walisimama mbele ya ukuta wangu, wakasema ni mzuri, halafu wakaongeza: "Lakini umeuona wa Kisauni?" Neno hilo "lakini" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wa Kisauni ulikuwa wa Riziki. Riziki ni shoga yangu tangu chuoni. Tulisomea ubao mmoja na tulichapwa kwa bakora moja. Alipokuwa bado Timbwani mimi ndiye niliyemfunza kupachika vigae. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niseme yote: nilimfunza, lakini kuna jambo nilimficha. Chokaa ikishazimwa kwa maji hulazwa shimoni wiki nzima ndipo ishike. Mimi nilimwambia siku mbili zatosha. Masika ya kwanza ukuta wake ukamwagika wote mpaka chini, naye akalia, nami nikampelekea ndizi na kumpa pole. Mwaka uliofuata akaolewa Kisauni, na nilidhani mambo ya vigae yameishia hapo.

Hamisi, mume wangu, alikwenda Kisauni kwenye maziko, akapita kwa Riziki kutoa salamu. Aliporudi akakaa kitandani, akatikisa kichwa. Nikamwuliza ana nini. "Ule ukuta," akasema, akatikisa kichwa tena. Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mitano na hajawahi kuutikisia kichwa ukuta wangu. Asubuhi nikamwambia nakwenda kumwona shoga yangu, nimemtamani.

Nilikwenda kutafuta kosa. Nikachukua na kikapu cha mabungo ya zawadi, nikayachagua yale ambayo hayajaiva sawasawa.

Kwenye feri tulikaa saa nzima jua likitupiga kwa sababu ya lori moja la mbao lililokataa kupanda. Hamisi alinisindikiza hadi hapo akaniaga. Alinipa salamu za kumfikishia Riziki, akazirudia mara mbili, nami nikaziacha pale pale ufuoni.

Kisiwani

Kutoka feri nilitembea mpaka Mwembe Tayari. Hapo nilikuta watu wamezunguka baiskeli. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, muuza halua, na baiskeli yake ilikuwa imevishwa vioo vidogo, manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, maua ya karatasi, na kengele ambazo nilizihesabu mpaka kumi na moja nikaacha. Akiigusa yote inalia. Watu walikuwa wakicheka kwa raha kabisa. Mimi nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba kengele anazo lakini breki hana. Yule muuza halua akanigeukia kwa adabu akasema, "Kweli mama, na ndiyo maana ya kengele." Wakacheka zaidi, na safari hii walikuwa wakinicheka mimi. Mjue basi kwamba nilikuwa nimefika mahali pa kuionea wivu hata baiskeli.

Basi la kwenda Nyali lilikaa likingoja lijae. Dereva alikuwa akitwambia "sasa hivi" kila alipomaliza kikombe cha kahawa, na alikunywa vinne. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kigiriama, amevaa hando, ile sketi yao ya marinda, na kuku wawili mapajani. Tulipofika darajani, lile linaloelea juu ya maji, nikasikia chini kunanyanyuka na kushuka. Mimi sikuwa nimelivuka tena tangu arusi ya Riziki. Nilimshika yule mama mkono, nikamshika na kuku pamoja, kuku akapiga kelele basi zima likageuka. Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Kisauni, kwa rafiki yangu.

"Kwa yule mama wa leso?" akauliza.

Nikamwuliza leso gani. Akasema, ile leso ya ukutani, yeye ameipitia mara tatu akienda sokoni, na mara ya tatu alikuwa hana hata haja ya kwenda sokoni. Mabungo yakanidondoka, nikayaokota moja moja chini ya viti, angalau nipate mahali pa kuficha uso.

Kisauni

Sasa niwaeleze ukuta wenyewe, na nitauelezea sawasawa, maana hilo angalau haki yanidai.

Riziki hakuujaza. Hilo ndilo la kwanza. Alikuwa ameufanya ukuta mzima wa mbele kuwa leso moja ya kujifunga, iliyotandazwa. Pindo lilizunguka pande nne, vigae vya buluu vilivyokatwa vidogo vidogo kama punje za mahindi, vimepangwa mistari miwili isiyogusana. Mji wa leso, pale katikati, ulikuwa chokaa tupu nyeupe, imesuguliwa mpaka inang'aa, na juu yake korosho za vigae vyekundu, chache, zimeachana, kila moja imelala upande wake. Mimi nisingethubutu kuacha weupe mwingi namna ile. Mimi nikiona mahali peupe mkono unaniwasha. Nilisimama njiani na kikapu changu, na nilijua pale pale, kabla sijavua viatu, kwamba ukuta wangu wa miaka yote ile ulikuwa rundo la sahani zilizovunjika.

Kulikuwa na wanawake watano uani wakitazama. Kila anayeingia alisema mashallah, kama inavyopasa mtu kusema akiona kitu kizuri cha mwenzake, kisije kikadhurika. Nami nilifungua kinywa niseme. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Riziki alitoka jikoni na unga mikononi. Alinikumbatia hivyo hivyo, akanichafua buibui la watu, akacheka, akaita jirani waje wamwone Mwanaidi. Akaonja bungo moja, akakunja uso, akasema ni tamu. Alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na samaki yule, nisiwafiche, alikuwa mtamu kuliko wangu. Nilimla mzima kwa hasira.

Baada ya kula ndipo nilipotulia nikalisoma jina. Nyote mnajua leso haikamiliki bila jina, yale maneno chini ya mji, na nyote mnajua vile vile jina la leso ni la kumwendea mtu. Mke mwenza husomewa, jirani husomewa, wifi husomewa. Hakuna mwanamke wa pwani anayevaa maneno bure. Riziki alikuwa ameliandika kwa vigae vyeusi, kwa herufi za chuoni, kubwa, zinasomeka kutoka barabarani:

Aliyenifunza simsahau.

Damu ilinipanda kichwani. Nikajiambia, ni mimi huyu. Ni ile chokaa ya siku mbili. Amejua, amekaa nalo miaka tisa, halafu amelitandaza ukutani ili Kisauni nzima isome. Mbona wale wanawake watano walinitazama nilipoingia? Mbona aliita jirani waje wanione? Kila kitu kilianza kuwa na maana, hata samaki. Mtu mwenye kosa lake hasomi kilichoandikwa, husoma anachokijua.

Sikumwuliza. Fumbo haliulizwi, ukiuliza umekiri. Kutwa ya siku ya pili nikakaa uani kama mgeni aliyechoka, kumbe naupekua ukuta ule kigae baada ya kigae. Nilitafuta kilichopinda. Nilipiga kwa kucha kusikia palipo na uwazi nyuma. Nilingoja jua la alasiri, ambalo huonyesha kila kasoro ya chokaa. Wallahi sikuona kitu. Alipokuja akakaa karibu yangu akaniuliza, "Waonaje, shoga?" nikamjibu kwamba nitamwambia.

Hapo ndipo aliponiambia habari za mtu wa Changamwe aliyetengeneza gari moshi la mikebe, akasema twende kesho tukalitazame pamoja kisha mimi nishike njia ya kwetu. Nilikubali upesi. Nilitaka sana kuona mtu mwingine akisifiwa badala yake.

Makupa mpaka Changamwe

Tuliondoka alfajiri na mahamri katika kitambaa. Tulivuka daraja, tukavuka kisiwa, tukapanda basi jingine la kupitia Makupa, na njia nzima Riziki alikuwa akisema na mimi nikiitikia. Alinieleza kwamba korosho zile nyekundu zimetoka kwenye bakuli moja la arusi lililovunjwa na mbuzi. Nikasema, "Aa." Akanieleza namna alivyokata pindo kwa mkasi wa bati. Nikasema, "Ehe." Aliniuliza kama naumwa.

Changamwe tulimwuliza mtu wa kwanza tuliyemwona: gari moshi liko wapi? Akatuelekeza kwa mkono. Tukafika stesheni. Tukamwuliza mtu aliyekuwa akifagia hapo, tukamweleza kwamba hatutaki gari moshi hili, tunataka la mikebe. Akafikiri sana, akatwambia la mikebe ni la mizigo na halichukui wanawake. Riziki akamwambia hatutaki kupanda, twataka kulitazama tu. Yule mtu akatutazama buibui zetu mbili, akaegemea fagio, akasema jicho halina pazia, tutazame. Tukakaa kwenye benchi. Gari la mizigo likaja, likapiga kelele, likaenda zake. Tulipopoteza nusu saa nyingine ndipo mama mmoja muuza mihogo alipotucheka na kutwambia tunalolitafuta ni la Kalama, nyuma ya kanisa.

Kwa Kalama

Kalama ni mtu wa Rabai, mkristo, mwembamba, mkali wa maneno, kazi yake kutia mafuta magurudumu ya mabehewa. Uwanja wake wote umezungukwa na reli ya mabati, na juu ya reli limesimama gari moshi, refu kuliko nyumba yake, limetengenezwa kwa mikebe ya nyama na ya maziwa iliyoachwa na askari. Ndani mna watu. Kila mtu ni mkebe mdogo uliokunjwa shingo, na kila mmoja ana uso wake. Karani wa tiketi amelala. Bwana mkubwa wa daraja la kwanza ana tumbo la mkebe wa biskuti. Kuna mama anayemnyonyesha mtoto huku akigombana na mtu dirishani. Kwetu sisi kutengeneza mfano wa mtu si jambo la kuchezea, na nilijiinamia kidogo nikasoma dua, lakini nilicheka, siwezi kukataa.

Riziki akasema mashallah, kwa moyo wake wote, mara tatu. Kalama akakunja uso.

"Hilo neno ninaambiwa kila siku," akasema. "Wanakuja waislamu wananiambia hilo, wanakuja wakristo wananiambia bwana asifiwe, wote wanakwenda zao, na gari langu linabaki vile vile. Mimi nataka kosa. Mgeni wangu anipe kosa moja, ndiyo zawadi yangu."

Mnanielewa? Mimi niliyesafiri siku tatu nimejaa makosa, sina pa kuyamwaga, nikakuta nyumba ambayo kosa ndilo adabu. Nikaingia katikati ya mabehewa na buibui langu. Sikukawia. Nikamwambia behewa lake la daraja la tatu lina watu thelathini na hakuna hata mmoja mwenye mzigo. Ni nani katika nchi hii anayesafiri bila mzigo? Kalama akasimama kama aliyepigwa. Akaliangalia behewa, akaniangalia mimi, akakimbia ndani akatoka na mkasi, na pale pale akaanza kukata kikapu kutoka kifuniko cha mkebe.

"Huyu mama ana jicho," akamwambia mkewe. "Ana jicho kweli."

Mimi na Riziki tukaruka sote wawili. Kwetu mwenye jicho ni mtu anayetazama cha mwenzake kikaharibika. Ilibidi mkewe aeleze kwamba mumewe anasifu, anasema naona vizuri. Nikacheka pamoja nao. Lakini lilikuwa limeniingia.

Mkewe akatuletea sima na mboga ya mchunga ya nazi. Nikaona mikebe imezagaa kila mahali, nikawaza ile nyama ya askari, nikawaza ni nyama ya mnyama gani, mkono ukawa mzito. Mama wa watu akaona, akadhani tunadharau chakula chake. Riziki ndiye aliyemwuliza taratibu amepikia chombo gani. Akaingia ndani akatoka na chungu chake cha udongo, akatuonyesha na sehemu yake ya nje na ya ndani, akasema mikebe ni ya huyo mwendawazimu, jikoni kwake haiingii. Tukala mpaka tukalamba vidole. Hata hilo nililiona: Riziki aliuliza, mimi nilikaa na dhana yangu.

Tulipokuwa tukinawa, Kalama akauliza kama sisi nasi twatengeneza kitu. Riziki akamweleza ukuta wangu kwanza, akausifu kuliko nilivyowahi kuusifu mimi. Halafu akataja wake kwa maneno mawili. Kisha akanigeukia.

"Shoga, jana niliuliza ukaninyima. Leo tuko nyumba ya makosa. Kosa la ukuta wangu ni nini?"

Ningeweza kusema kosa halipo. Nilikuwa nimelitafuta kutwa nzima na halipo. Hayo maneno mawili yangenitosha mpaka leo.

"Jina," nikasema. "Jina laharibu. Leso yote imetulia, halafu jina linapiga kelele pale chini. Libandue, pawe peupe. Hapo utakuwa ukuta."

Kalama akaitikia kwa kichwa, ndivyo, ndivyo, kama fundi anayemsikiliza fundi. Riziki alinitazama. Akakausha mikono kwenye leso yake.

"Haya," akasema.

Feri

Tuliachana Mwembe Tayari. Alinikumbatia, akashika njia ya Nyali, nami nikashuka kuelekea Likoni. Nilikuwa mwepesi, nawaambia kweli. Nilitembea kama msichana. Nilijiona nimelipiza bila kumwaga damu.

Feri ilikuwa imetia nanga. Maji yalikuwa yamekupwa sana, magari hayawezi kushuka, na sote tukaambiwa tungoje. Nikakaa kivulini karibu na mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri, mama mnene, mcheshi, wale wasioweza kumwona mtu amenyamaza. Nikanunua mbaazi. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kisauni. Akapiga kofi pajani. Akasema basi lazima nimeiona ile leso ya ukutani. Yeye mwanawe ameolewa karibu na hapo na aliionyeshwa mfungo mosi, mwezi wa Idi.

Nikasema nimeiona.

Akasema na yeye alipolisoma lile jina alidhani ni fumbo, na kila mtu pale mwanzo alidhani ni fumbo, wengine walisema ni la mke mwenza, wengine la wifi. Na yeye kwa kuwa hana haya alimwuliza mwenyewe: bibi, huyu unamsema nani? "Akacheka sana," akasema yule mama. "Akanambia, si fumbo, mama, ni ahsante. Kuna shoga yangu Timbwani ndiye aliyenifunza, jina lake Mwanaidi, bila yeye mikono yangu ingekuwa yasonga ugali tu. Ndivyo anavyomwambia kila anayeuliza. Pale Kisauni hakuna asiyemjua huyo Mwanaidi kwa jina. Wewe je, unayevuka kwenda upande ule, wamjua?"

"Simjui," nikasema.

Mbaazi zilinishinda. Nilikaa na ile sahani mapajani, na kwanza, Mungu anisamehe, nilichowaza ni kwamba watu wote wale walikuwa wakilisoma jina langu barabarani, na mimi nimekwenda kusema libanduliwe. Ilipita muda ndipo nikamwaza yeye. Feri ikapiga honi, maji yamejaa kiasi, watu wakainuka. Yule mama akanihimiza nisiachwe. Nikamrudishia sahani yake, nikageuka, nikashika njia ya Mwembe Tayari mbio mbio, na buibui la kuazimwa likichanika pindo.

Kisauni tena

Basi la Nyali nalo likangoja lijae. Sikuweza. Nilitembea. Nililivuka lile daraja peke yangu, kwa miguu, na sikumshika mtu.

Alikuwa ameanza upande wa kulia, neno linapoanzia. Alikuwa amechuchumaa na kisu cha jikoni, chokaa imemjaa nywele, anavibandua vigae vyeusi kwa uangalifu na kuvitia katika ungo ili visivunjike. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kutoka lote, na la pili limeng'olewa kichwa. Kilichobaki ukutani kilikuwa "sahau".

Hakushtuka aliponiona. Akasogeza kigoda nikae. Nikabaki nimesimama.

"Riziki," nikasema, "lilikuwa zuri. Ukuta wako hauna kosa. Nimekuonea wivu. Nilidhani jina lile wanisema mimi kwa ubaya, maana na ubaya nilikufanyia, ile chokaa—"

"Najua," akasema.

"Wajua nini?"

"Ya chokaa niliijua mwaka ule ule, fundi mmoja alinambia. Na ya wivu niliiona juzi, uliposhindwa kusema mashallah. Mdomo ulifunguka, neno likakataa."

Nikamwuliza, kama ni hivyo, mbona anabandua? Mbona amenisikiliza, na anajua nasema uongo?

Akakigonga kisu kwenye jiwe kukitoa chokaa. "Kwa sababu uliniambia liondoke," akasema. "Nikaona kama laukata moyo wako, la nini? Ukuta nitaukandika tena. Wewe ningekukandika na nini?"

Akainama akaendelea. Nilikaa kwenye kigoda, nikalia, na yeye aliniacha nilie, akawa akivichomoa vigae vilivyobaki na kuvipanga ungoni, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo. Na kwa kuwa mmeniuliza mara nyingi uso ule nilirudi nao ni wa nini, ndio huu: hata pale, na machozi yananitoka, nilikuwa nikimtazama na kumwonea wivu tena, safari hii si kwa ukuta, bali kwa kuwa yeye ameweza kufanya lile na mimi nisingeweza.